Onyo Lisiloeleweka Halimlindi Mtu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika suala la mionzi ya nyuklia hatuna budi kuikataa methali hiyo, kwani asiyejua maana ndiye wa kwanza kuangamia.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, waokota vyuma waling'oa sehemu ya mashine ya kutibu saratani iliyotelekezwa katika kliniki iliyohamwa. Ndani mlikuwamo sesiamu, unga uliong'aa buluu gizani, nao watu wakagawiana kama pambo. Wanne walifariki, 249 walipatikana na uchafu wa mionzi. Hapakuwa na gaidi wala kombora. Palikosekana mlinzi, na onyo lenye kueleweka.

Sisi wa Homa Bay na Migori tusidhani hayo ni ya mbali. Miamba ya vilima vya Ruri, huko Lambwe, ina thoriamu, na watafiti wamepima hapo mionzi ya asili iliyozidi kawaida. Aidha, mwaka 2025 serikali ilielekeza Siaya, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, mpango wa kinu cha nyuklia uliopingwa na wakazi wa Uyombo, Kilifi.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Neno "usalama" tumelitwika mizigo miwili. Kumkinga mtu na mionzi ni jambo moja. Kuikinga mali yenye mionzi na mwizi ni jingine. Jiwe la Ruri halihitaji askari, bali mjenzi anayelijua. Mashine kuukuu ya hospitali inahitaji kufuli, daftari na mwenye dhamana. La kwanza na tuliite usalama, la pili ulinzi, ili raia ajue lipi limekosekana.

Sheria ya mwaka 2019 iliiunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Hata hivyo, sheria haimfikii asiyeisoma. Ile alama ya mionzi yenye mapanga matatu, iliyobuniwa Marekani mwaka 1946, iliwatatiza wengi, hata mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likatangaza nyingine yenye fuvu na mtu anayekimbia. Ikiwa picha pekee haikutosha, basi na iandamane na maneno: kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na kwa Dholuo na Kikuria.

Walimu, zichoreni alama hizo ubaoni. Wanafunzi, wafafanulieni wazee nyumbani. Mlinzi wa kwanza wa kinu chochote ni jirani anayefahamu kilichomo.