Neno Lilipanda Bara, Kiti Kikabaki Pwani

Katika miji mikongwe ya Waswahili, baraza ni sehemu ya nyumba. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zingali na viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na kuta, vikitazama uchochoroni. Mwenye nyumba ndiye ajengaye, lakini mpita njia naye huketi. Hapo hunywewa kahawa, huchezwa bao, na habari hupimwa kabla ya kusadikiwa. Neno hilohilo limebeba pia maana ya mkutano na ya chombo cha utawala, ndiyo maana tunalo Baraza la Mawaziri.

Neno hili lilipofika bara ya Kenya, lilifika na maana moja tu. Baraza likawa mkutano wa chifu: mmoja anasema, wengi wanasikiliza, kisha watu wanatawanyika. Neno lilipanda bara, kiti kikabaki pwani.

Karagita ni ushahidi wa jambo hilo. Mtaa huu ulio kando ya Barabara ya Moi South Lake, Naivasha, ulikua pamoja na mashamba ya maua. Wafanyakazi wake wametoka pembe nyingi za nchi, na wengi hupanga chumba kimoja katika ploti zenye ua mmoja. Chumba cha kulala ndicho jiko na ndicho sebule, kwa hiyo mgeni wa pili hana pa kuketi. Mazungumzo hutoka nje, na huko nje wananchi hujitengenezea samani zao. Mtungi wa maji uliopinduliwa huwa kigoda, kreti ya soda huwa benchi, na pikipiki iliyoegeshwa kwenye steji huwa kiti cha watu wawili. Hata ziwani, ambako sehemu kubwa ya ufuo imepakana na mashamba ya watu binafsi na hoteli, Karagita ni miongoni mwa mahali pachache ambapo umma hufikia maji. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Lakini mali ya umma isiyofikika, wala isiyo na mahali pa kutua, ni ya umma kwa jina tu.

Wapo watakaosema kwamba benchi huzaa wavivu na kijiwe huzaa wahalifu. Hoja hii ina mizizi mirefu. Sheria ya uzururaji tuliyorithi kutoka kwa mkoloni ilifutwa mwaka 1997, ila dhana yake ingali hai: Mwafrika aliyeketi mjini bila kazi ni mshukiwa. Ikumbukwe kwamba mkazi wa Karagita huondoka alfajiri kwa basi la shamba na kushinda akisimama penye maua. Anapoketi jioni, hazururi, anapumzika. Na mhalifu hapendi mahali penye macho ya wazee, akina mama na watoto.

Kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Naivasha, na majirani wakageukiana kwa misingi ya kabila. Haitakuwa kweli kudai kwamba mabenchi yangaliyazuia hayo; fitina ya siasa haizimwi kwa mbao na saruji. Hata hivyo, watu wasiokuwa na mahali pa kuketi pamoja hubaki kila mmoja chumbani mwake, na lugha ya chumbani mara nyingi ni lugha ya mama. Kiswahili huanzia mlangoni. Pale kwenye kreti na mtungi ndipo Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya na Mkisii wanapolazimika kutaniana, kubishana na kupatana kwa lugha moja.

Kwa hiyo, serikali ya kaunti na ipangapo barabara, soko au njia ya kwenda ziwani, itenge pia kivuli na kiti. Gharama yake ni ndogo. Nao wanafunzi wa Kiswahili wasitosheke kulifasili neno baraza katika mitihani na kuliachia hapo. Wende Karagita jioni, wasikilize misemo inayozaliwa juu ya mitungi, waiandike. Lugha ya taifa haikuzwi na kongamano pekee. Nayo pia huhitaji pa kuketi.