Mjukuu na Babu Mkali Kihambani: Kijana Aanze, Mzee Amalizie

Leo sitaongelea mbolea wala viuatilifu. Naomba tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye vitini vya mafunzo, lakini nakutana nalo karibu kila kijiji ninachopita huku mlimani Kilimanjaro: kijana anayeishi na babu yake shambani, na hawaelewani.

Hali yenyewe mnaijua. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Wazazi wako mjini wanahangaika na maisha. Anaambiwa, "Nenda ukakae na babu, umsaidie kihamba." Anafika na begi moja na simu. Babu miguu imechoka lakini sauti haijachoka. Saa kumi na moja alfajiri kijana anaamshwa akakate majani ya ng'ombe. Akifunga mzigo vibaya anasemwa mpaka majirani wanasikia. Akiuliza sababu ya jambo anajibiwa, "Kizazi chenu maswali mengi, kazi kidogo." Baada ya miezi michache anapanda basi kwenda Arusha au Dar es Salaam kutafuta bodaboda ya mtu. Babu anabaki peke yake, na mibuni inazeeka pamoja naye.

Kila siku tunawahimiza vijana warudi kwenye kilimo. Tunataja mitaji, masoko na pembejeo. Hatusemi kwamba shamba analorudia kijana lina mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingi ni babu. Kama hawezi kuishi naye, mtaji wote huo hautamsaidia.

Wazee wanasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Vijana wanasema babu amepitwa na wakati. Msimamo wangu ni huu: kila mmoja ana nusu ya ukweli. Hatua ya kwanza ni ya kijana, kwa sababu yeye ndiye mgeni. Hatua ya mwisho ni ya babu, kwa sababu yeye ndiye mwenye ardhi.

Kwa nini babu anakataa?

Chukua mfano wa kukata visiki. Mbuni uliozeeka tunashauri ukatwe kwa mshazari, takribani sentimita 30 kutoka ardhini, baada ya mavuno na kabla ya masika. Maotea yakitoka unabakiza mawili au matatu yenye nguvu. Ushauri ni mzuri. Lakini mti ule utakaa takribani miaka 2 kabla ya kukupa kahawa ya maana. Kwa kijana wa miaka 18, miaka 2 si kitu. Kwa mzee wa miaka 78 ni muda mrefu sana, na pesa ya dawa zake za presha inatoka kwenye miti hiyo hiyo. Kijana anayesema "tukate yote, babu, imezeeka" anadhani anaongelea miti. Babu anasikia kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ukali wa babu si ujinga kila wakati. Mara nyingi ni hesabu ambayo hajaisema kwa mdomo.

Halafu kuna mambo anayoyajua ambayo hutayapata kwenye simu. Zamu ya maji ya mfongo ni ya nani siku gani. Mstari wa masale unapita wapi na kwa nini umepinda pale kwenye mparachichi. Kona ipi ya kihamba inatuama maji. Mgomba upi ni wa mbege na upi ni wa kupika. Babu akiondoka kabla hujauliza, utajifunza mpaka wako kwenye baraza la ardhi, tena kwa gharama.

Kijana, anzia hapa

1. Msimu wa kwanza jifunze kwanza. Fanya kazi kwa njia yake, hata kama unajua nyingine. Uliza maswali yanayomheshimu: "Babu, hapa zamani palikuwa na nini?" ni swali zuri kuliko "Babu, kwa nini hatufanyi kisasa?"

2. Tumia utani. Mila zetu zimempa mjukuu ruhusa ambayo baba yako hana. Mwanawe akimjibu ni utovu wa adabu, mjukuu akimtania ni mapenzi. "Shikamoo mume mwenzangu, bibi ameamkaje?" imelainisha wazee wengi kuliko hoja za kitaalamu. Ila mtanie akiwa ametulia, usimtanie mbele ya wageni wake.

3. Shika daftari. Hapa elimu yako ya kidato cha nne ina kazi. Andika kilo za kahawa zilizopelekwa chama cha msingi, tarehe, bei na malipo. Andika maziwa ya kila siku na siku ng'ombe alipopandishwa. Mwisho wa msimu msomee. Mzee anayeona pesa yake inahesabika vizuri hupunguza ukali bila kuombwa.

4. Usibishane, onyesha. Kwenye shamba la mahindi la tambarare, omba mistari minne tu. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, pembeni ya mistari yake minne yenye urefu ule ule. Mbegu iwe moja, mbolea moja, palizi siku moja. Wakati wa mavuno pimeni mbele yake. Mistari yako ikishinda, usishangilie. Ikishindwa, sema imeshindwa. Hapo ndipo atakapoanza kukuamini.

5. Ukikosea, omba radhi kwa utaratibu wa nyumbani. Jani la sale halijapoteza nguvu. Mtafute mzee anayeheshimika akupeleke. Kuondoka kimya kimya usiku hakutatui kitu.

Na wewe mzee wangu

Shikamoo. Naomba uniruhusu niseme na wewe pia.

Kwenye shina la mgomba tunawafundisha watu kubakiza mama, mtoto na mjukuu, wengine wote wanaondolewa. Wewe uliijua kanuni hiyo kabla yetu. Unajua pia kwamba mjukuu asipoachiwa nafasi, shina likiishiwa mama halina cha kuendelea nalo.

Kijana anayefanya kazi mwaka mzima bila kitu cha kwake ni kibarua, tena kibarua asiyelipwa. Usishangae akikimbia. Mpe mibuni 20 iwe yake kuitunza na pesa yake iwe yake. Au mpe ndama wa kwanza. Useme mbele ya bibi na mbele ya baba yake, ili lisije likabadilika siku mkikorofishana. Kama unampa kipande cha ardhi kabisa, liandikwe, liwe na mashahidi, na watoto wako wote wajulishwe. Vinginevyo utamwachia mjukuu ugomvi na baba zake wadogo.

Kuhusu visiki, kuna njia ya katikati. Kama una mibuni 200, kata 50 kila mwaka kwa miaka 4. Kwa njia hiyo karibu nusu ya shamba itakuwa inazaa wakati wote, na dawa zako hazitakosa pesa. Kwenye mapengo, mruhusu kijana apande miche ya aina bora kutoka TaCRI Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Gharama ya kupulizia itapungua, na mgongo wako utapumzika.

Halafu, mzee, mara moja moja mwambie amefanya vizuri. Hutapungukiwa kitu.

Ukali una mpaka wake

Hapa sitapaka rangi. Kuamshwa mapema si mateso. Kusemwa si mateso. Lakini kupigwa mpaka kuumia, kunyimwa chakula, au kuzuiwa kwenda shule ili ng'ombe apate majani, hayo si malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa kwa babu yake mzazi. Jirani unayesikia, usiseme "ya ndoa na ya ukoo hayaingiliwi." Mwone mwenyekiti wa kitongoji au afisa ustawi wa jamii, au piga namba 116, ni bure. Subira ninayomwomba kijana hapo juu ni ya kuvumilia maneno makali, si ya kuvumilia kuumizwa.

Kwa nini nimeandika haya

Vihamba hivi vimelisha watu kwa vizazi vingi kwa kuchanganya migomba, kahawa, miti na mifugo kwenye eneo dogo. Pesa ya kahawa ndiyo iliyosomesha wengi wa wale ambao leo wako mjini. Vikifa, vingi havitakufa kwa ukame wala kwa bei. Vitakufa kwa sababu mzee alikuwa na ujuzi, kijana alikuwa na nguvu, na hakuna aliyekubali kuanza.

Wiki hii, kijana, mwombe babu mtembee mpaka wote wa kihamba, yeye mbele wewe nyuma, na daftari mkononi. Mzee, ukiombwa, chukua fimbo yako mwende.

Mwenye swali kuhusu kukata visiki au kupima mistari ya mahindi, aniulize siku ya gulio au anikute ofisi ya kata. Tukutane tena panapo majaliwa.