MAJENGO YA HOSPITALI YASIBOMOLEWE OVYO



Wako watu wasemao kwamba hospitali zilizojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili hazina sura, ni saruji tupu, afadhali zibomolewe zijengwe za vioo. Sisi wa reli tukaao Gataka hatukubali.

Tazameni Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1958. Mchoraji wake alikuwa Amyas Connell, yule yule aliyechora majengo ya Bunge. Mtu huyu alijulikana kwa kuta za matundu na vikinga-jua: jua huzuiwa nje, upepo hupita. (Bei ya kulala humo si ya mshahara wetu, lakini kutazama ukuta ni bure.) Watu wa karakana wanalijua jambo hili vizuri. Banda la injini lisilo na mahali pa kutokea moshi huua watu polepole. Wodi nayo ni hivyo hivyo, ila badala ya moshi kuna kikohozi. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya kutumia upepo wa kawaida kupunguza maambukizo hospitalini. Mabaraza na madirisha makubwa ya miaka ile yalifanya kazi hiyo bila umeme.

Sasa njoni Gataka. Magorofa ya kupanga yaota kama uyoga, na zahanati nyingine zimewekwa katika chumba cha duka, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Wagonjwa huketi goti kwa goti. Rangi mpya, vigae vyang'aa, nasi twaambiwa haya ndiyo maendeleo.

Tena jengo hushika habari za watu. Kisumu iko hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji huiita "Russia" mpaka leo. Siku ya kufunguliwa, tarehe 25 Oktoba 1969, risasi zilipigwa na watu wakafa. Likibomolewa jengo kama hilo, mtoto utamwonyesha nini?

Hatusemi kila kitu cha miaka ile kilikuwa chema. Hospitali ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1954 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Lakini ubaya huo ulikuwa wa sheria ya mlangoni, si wa dirisha.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Alipaye ana haki ya kuuliza. Twamwomba Katibu wa tawi awaandikie wakubwa wa afya wa Kajiado kwamba kabla wodi yo yote haijabomolewa, au baraza lake kuzibwa, ramani ibandikwe mahali tutakapoiona. Na kabla zahanati haijapewa leseni, mkaguzi apime madirisha. Barua hiyo isomwe katika mkutano ujao, na jibu lake pia.