Sala Inayokawia Kujibiwa

Wako Wakristo wengi ambao wameacha kusali, wala si kwa ukaidi, wala si kwa kuwa wamesadiki kwamba Mungu hayuko. Wameacha kwa sababu wamechoka. Waliomba jambo moja, wakaliomba tena, mwaka ukapita na wa pili ukafuata, na jambo lenyewe likabaki vile vile kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Mgonjwa hakupona, mume hakuacha pombe, mwana aliyekwenda mjini hakurudi wala hakuleta habari. Mtu wa namna hii huendelea kwenda kanisani siku ya Jumapili na kuinamisha kichwa pamoja na wenzake, lakini nyumbani kwake hapigi magoti tena. Ukimwuliza, atakuambia kwamba shughuli zimekuwa nyingi. Ni kweli kwamba shughuli ni nyingi, walakini sizo sababu.

Sababu ni namna anavyoifikiri sala. Mtu aliyezoea mambo ya ofisi aweza kuidhania sala kuwa ni kama barua ya maombi inayopelekwa kwa mkubwa. Barua yaandikwa kwa hati nzuri, yapokewa, yapigwa muhuri, kisha mwenye haja hungoja jibu la ndiyo au la. Jibu lisipokuja, hudhani barua imepotea katika faili, au mkubwa hakutaka kuisoma. Lakini mwana hasemi na baba yake kwa njia hiyo. Husema naye kila siku, hata siku ambayo hana haja ya kitu, na katika mazungumzo hayo ndimo anamojifunza tabia ya baba yake na mapenzi yake. Kuomba kitu ni sehemu ya mazungumzo hayo. Si mazungumzo yote.

Hayo ni rahisi kuyasema. Ili kuona yanavyokuwa katika maisha, inafaa kumtazama mama mmoja wa Kiafrika aliyeomba jambo moja kwa muda wa miaka 13. Jina lake ni Monika, nalo ni jina wanalobatizwa nalo wasichana wengi wa Kenya, ingawa si wote waliopata kusimuliwa habari za mwenye jina.

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 katika Afrika ya Kaskazini, na nyumba yake ilikuwa Thagaste, mji mdogo ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Warumi. Yeye alilelewa katika dini ya Kikristo, lakini aliozwa mume asiye Mkristo, jina lake Patricius, mtu mkarimu, bali mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Monika alikuwa akinyamaza mumewe alipokasirika, kisha akasema naye hasira ilipokwisha. Wako waliomsifu kwa hayo kana kwamba ni sheria kwa kila mke kuvumilia kila jambo, na sifa za namna hiyo zimewaumiza wake wengi. Yatosha kusema kwamba Patricius alibatizwa kabla ya kufa kwake, yapata mwaka 371.

Mwana wao Augustino alizaliwa mwaka 354. Alikuwa na akili nyingi mno, na baba yake, ingawa hakuwa tajiri, alijinyima ili mtoto apate elimu. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alipelekwa Carthage, mji mkubwa wa pwani ulioko Tunisia ya leo. Huko alipata elimu, na mambo mengine pia. Aliishi na mwanamke pasipo ndoa, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus. Na alipotimiza miaka 19, yapata mwaka 373, alijiunga na wafuasi wa Mani, mwalimu wa kutoka Babeli aliyefundisha kwamba ulimwengu ni vita baina ya milki mbili, ya nuru na ya giza. Wafuasi hao walijisifia hekima, wakaidharau imani ya Wakristo kuwa ni imani ya watu wasiotumia akili.

Mzazi aliyesomesha mtoto hana haja ya kuelezwa zaidi. Mtoto amesomeshwa kwa jasho, naye anarudi na maneno mengi kuliko wazee wake, na dini ya mama yake amekwisha kuiona kuwa ya watu wasiosoma. Mama hana hoja za kumshinda. Augustino aliporudi Thagaste, mama yake kwanza alimkataza kukaa nyumbani mwake na kula naye meza moja.

Akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao wa kupimia, naye analia, akaja kijana mwenye uso wa kung'aa akamwuliza sababu ya majonzi yake, kisha akamwambia atazame aone kwamba pale aliposimama yeye, mwanawe naye yupo. Alipogeuka, akamwona Augustino karibu yake juu ya ubao ule ule. Alipomsimulia, kijana mwenye elimu ya kusema akaigeuza ndoto mara moja: maana yake, akasema, ni kwamba mama atakuja kuwa kama yeye. Monika akamjibu pale pale kwamba hakuambiwa atakuwa mahali alipo mwanawe, bali mwanawe atakuwa mahali alipo yeye. Augustino alikiri baadaye kwamba jibu hilo lilimgusa kuliko ndoto yenyewe. Monika akamruhusu tena kukaa naye mezani. Hata hivyo, baada ya ndoto ile miaka karibu tisa ilipita.

Katika miaka hiyo Monika alimwendea askofu mmoja ambaye utotoni alilelewa na wafuasi wa Mani, akamsihi azungumze na Augustino. Askofu akakataa. Akasema kijana bado amelewa upya wa mafundisho yale, hawezi kufundishika. Aachwe, mama amwombee tu, naye kwa kusoma kwake atavumbua makosa yao mwenyewe. Monika hakuridhika, akazidi kumsihi huku analia, hata mzee akachoka, akamwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Neno hilo limetajwa katika mahubiri mengi, na wahubiri wengi wamesahau kwamba lilisemwa na mtu aliyekwisha kuudhika. Ushauri wake wa kwanza, wa kumwacha kijana asome na kumwombea bila ya kumfuatia kwa maneno, ndio uliokuwa mgumu zaidi, nao haukumbukwi sana.

Mwaka 383 Augustino aliazimia kwenda Roma kufundisha. Monika alimfuata mpaka pwani, akamshika, akitaka ama arudi nyumbani ama wasafiri pamoja. Augustino akamdanganya. Akasema anamsindikiza rafiki yake tu, ambaye hawezi kumwacha mpaka upepo uwe mzuri. Akamshawishi mama yake alale mahali palipokuwa karibu na bandari, pa ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani. Monika akakaa humo usiku akisali na kulia, akimwomba Mungu jambo moja: chombo kisiondoke. Usiku ule ule upepo ukavuma, tanga zikajaa, na kulipokucha pwani ilikuwa tupu.

Afadhali msomaji asipite upesi hapa. Mama yumo katika nyumba ya sala, anaomba jambo jema kwa machozi, na saa ile ile anapoliomba, mwanawe anakwenda zake. Kama Monika angeulizwa asubuhi ile kama sala yake imejibiwa, angesema nini? Hasira na uchungu vilimshika karibu apoteze akili. Lakini safari ile aliyoomba isiwe ndiyo iliyomfikisha Augustino Roma, na kutoka Roma mpaka Milan, na huko Milan alikuwako Askofu Ambrosi, mtu ambaye mahubiri yake yangeweza kujibu maswali ya Augustino. Katika Afrika hakumpata mtu wa namna hiyo. Augustino mwenyewe, alipoandika habari za usiku ule miaka mingi baadaye, alisema kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba wakati ule, ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote.

Monika hakuyajua hayo. Alirudi nyumbani akaendelea. Na namna ya kuendelea kwake ni jambo la kutazamwa, kwa maana haikuwa ya machozi tu. Kila siku alikwenda kanisani mara mbili, asubuhi na jioni, wala si kwa ajili ya porojo na wanawake wenzake, ila kusikia na kusikiwa. Alitoa sadaka, akawasaidia maskini. Huko Roma Augustino alishikwa na homa karibu afe, na mama yake hakupata habari, lakini saa zake za sala zilikuwa zile zile. Ndiyo faida ya kuwa na saa: sala haingoji mtu apate habari mbaya, wala haingoji moyo uwe tayari. Mama wa Kenya aendaye kisimani kabla ya jua, au karani angojaye basi alfajiri, ana nafasi kama ile ya Monika, akitaka.

Mwaka 385 Monika alivuka bahari kumfuata mwanawe. Njiani kulikuwa na tufani, na desturi ni mabaharia kuwatuliza abiria, lakini safari hiyo yeye ndiye aliyewatuliza mabaharia. Alipofika Milan, Augustino akampa habari kwamba amewaacha wafuasi wa Mani, ingawa hajawa Mkristo. Hakurukaruka kwa furaha. Alijibu kwa utulivu kwamba anaamini hatakufa kabla ya kumwona amekuwa Mkristo mwaminifu. Je, huyu ni yule yule aliyelia pwani ya Carthage? Jambo aliloliomba lilikuwa bado, lakini mwombaji amegeuka. Huko Thagaste alibishana na mwanawe na kumfukuza mezani. Katika Carthage alimng'ang'ania nguo. Katika Milan aliweza kungoja. Na mapema mwaka 386, mama wa mfalme alipotaka kulinyang'anya kanisa la Ambrosi, Wakristo wakakesha humo wakisali, naye Monika mgeni alikuwa wa mbele katika kukesha.

Asidhani mtu kwamba sala ilimfanya Monika asiwe na kosa. Alitamani mwanawe aoe mke mwenye cheo, akajitahidi sana kumchumbia msichana ambaye alikuwa bado miaka miwili kufikia umri wa kuolewa kwa sheria ya wakati ule. Kwa ajili ya uchumba huo yule mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi aliondolewa, akarudi Afrika peke yake, akiapa kutomjua mume mwingine, na mtoto wao akabaki kwa baba. Jina lake halikuandikwa mahali popote. Sala zake hazikusimuliwa na mtu, lakini si vigumu kufikiri kwamba alizisali. Tena Monika alimwomba Mungu amwonyeshe kama ndoa ile ni njema, wala hakuonyeshwa neno. Aliona mawazo matupu, na alikuwa na unyofu wa kukiri kwamba mawazo hayo hayakutoka kwa Mungu. Wanaosema kila siku kwamba Mungu amewaambia hili na lile wangejifunza mengi kwake. Hata hivyo aliendelea na shughuli ya uchumba, na kwa hili hakufanya vyema. Ndoa yenyewe haikufungwa.

Mwezi wa Agosti 386 Augustino alikuwa katika bustani ya nyumba yao huko Milan, moyo wake ukishindana, akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia maneno ya kumhimiza atwae asome. Akautwaa waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma mahali palipofunguka, na shaka ikamwondoka. Mara akaingia ndani pamoja na rafiki yake kumwambia mama. Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza, pamoja na Adeodatus.

Mwaka ule ule walikuwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja chombo cha kurudi Afrika. Siku moja mama na mwana walisimama dirishani wakaongea juu ya uzima wa milele, na Monika akasema kwamba hana haja tena ya kitu cha dunia hii, kwa maana lile lililomfanya atamani kuishi amekwisha kuliona. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Zamani alikuwa ametengeneza kaburi lake Thagaste ubavuni mwa mumewe, akalitunza sana. Sasa aliwaambia wanawe wamzike popote wapendapo, ila wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana kila mahali watakapokuwa. Mtu mmoja alipomwuliza kama haogopi kulala mbali hivyo na kwao, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna mahali palipo mbali. Alikufa siku ya tisa ya ugonjwa wake, katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Augustino akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba, na huko aliandika kitabu chake cha Maungamo, ambacho chote, toka mwanzo hata mwisho, amekiandika kwa kusema na Mungu. Na mwaka 1945, huko Ostia, watoto wawili waliokuwa wakichimba shimo karibu na kanisa moja walipata kipande cha marumaru chenye sehemu ya maneno yaliyochongwa kwa ajili ya kaburi la mama yake.