Kitasa Kikikosa Mtandao, Nani Mwenye Nyumba?

Wapangaji wa nyumba mpya za ghorofa mijini wamekuwa wakilalamika kwamba vitasa janja vya milango yao hupoteza waifai kila mara. Wengi huichukulia kero hii kuwa kazi ya fundi. Mimi naiona pia kuwa suala la mamlaka, kwa sababu tangu zamani mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje.

Tuanze na ufundi, kwani hoja isiyokijua chombo haifiki mbali. Vitasa vingi vya aina hii hupokea masafa ya gigahezi 2.4 tu, ilhali ruta za kisasa hurusha 2.4 na 5 kwa jina moja. Dawa yake ni kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti. Ukuta mnene na mlango wa chuma hudhoofisha mawimbi. Ruta isogezwe karibu. Betri zilizochoka huweza kuzungusha komeo na bado zikashindwa kudumisha mawasiliano. Zibadilishwe zote kwa pamoja. Umeme unaokatika na kurudi huizima ruta, na baadhi ya vitasa havijiungi tena vyenyewe. Betri ya akiba ya ruta husaidia. Na nywila ya waifai ikibadilishwa, kitasa nacho sharti kisajiliwe upya.

Hayo yakifanyika, kero nyingi zitakwisha. Lakini yanatibu kipande kimoja tu cha njia, yaani kutoka mlangoni hadi kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva ya kampuni, mpangaji hana sauti. Agosti 2017 kampuni ya LockState ya Marekani ilituma sasisho lisilolingana na vitasa vyake, na takribani 500 vikaharibika. Kwetu, Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania. Siku kama hizo hakuna ruta ya kusogeza.

Wenye nyumba wana hoja, na ni haki kuitaja: mpangaji akihama, namba yake ya siri hufutwa bila kubadili kitasa. Ila uwezo huohuo unaweza kumfungia nje mpangaji aliyechelewa kodi, bila notisi wala baraza kusikiliza shauri lake. Aidha, kitasa huweka kumbukumbu ya nani aliingia na saa ngapi. Jijini New York, wapangaji wa jengo moja walimshtaki mwenye nyumba kwa kuwawekea kitasa cha namna hiyo, na Mei 2019 wakafikia makubaliano ya kupewa funguo za kawaida. Mwaka 2021 jiji hilo likatunga sheria inayotaka ridhaa ya mpangaji, na taarifa za kuingia zifutwe ndani ya siku 90.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mikataba mingi ya upangaji haigusi kabisa mambo haya. Napendekeza iwe na masharti matatu. Kwanza, kila mlango uwe na ufunguo wa chuma au namba ya siri inayofanya kazi bila intaneti. Pili, mwenye nyumba asizime kitasa pasipo amri ya chombo cha sheria. Tatu, mpangaji aelezwe kwa maandishi ni nani anayesoma kumbukumbu za mlango wake na zitahifadhiwa kwa muda gani.

Watumishi wa umma mnaoandaa kanuni za makazi, na wanafunzi mnaotafuta vyumba vya kupanga, lianzeni jambo hili kwenye mkataba. Kabla ya kutia saini, ombeni ruta izimwe, kisha mjaribu kuufungua mlango.