Fundi Naye ni Mwalimu: Funzo la Mkoba wa Fulana Kuukuu

Mwezi uliopita binti yangu, mwanafunzi wa Gredi ya Tano, alirejea nyumbani na agizo kutoka shuleni: kila mwanafunzi ageuze fulana kuukuu kuwa mkoba na kuuwasilisha Ijumaa. Nililifurahia agizo hilo. Tangu Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mkoba wa nguo umekuwa chombo cha lazima kwa kila aendaye sokoni.

Furaha yangu haikudumu. Binti hakuwa amewahi kushika sindano, nami, pamoja na shahada yangu ya uzamifu, sikuwa na la kumwonyesha. Alhamisi jioni niliichukua fulana ile, nikaenda kwa fundi wa nguo anayeketi kando ya barabara mtaani kwetu.

"Mwalimu, huu nao ni wa shule?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama," nikajibu kwa soni.

"Basi ni wa nane tangu juzi."

Aliikata mikono ya fulana, akaipanua shingo, akaigeuza ndani nje, kisha akaupiga upindo wa chini mishono miwili. Mabega yakawa vishikio. Hazikupita dakika 20. Nilimlipa nikaondoka, na siku ya pili mkoba ule ukatunukiwa kiwango cha "kuzidisha matarajio". Nami nikabaki kujiuliza: matarajio ya nani?

Siandiki haya ili kumlaumu mwalimu. Huenda naye hakufunzwa kushona, na darasa lake lina watoto wengi kuliko sindano. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: mwalimu aliagiza, mzazi akalipa, mtoto akapokea alama, na ujuzi ukabaki palepale ulipokuwa, kando ya barabara. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 uliahidi kwamba mwanafunzi angepimwa kwa anachoweza kutenda. Katika kisa hiki kilichopimwa ni mfuko wa mzazi.

Wala hili si jambo geni. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao ulikusudia kumpa mtoto stadi za mikono. Mimi ni zao la mfumo huo. Nakumbuka wenzangu wakinunua vikapu sokoni na kuviwasilisha kama kazi yao. Tulikariri majina ya mishono, tukachagua jibu sahihi katika karatasi ya mtihani, bila ya kushona hata kifungo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, wengi hawakuona kilichopotea. Tuangalie, basi, tusiurudie mchezo uleule kwa jina jipya.

Yamkini msomaji atauliza: mkoba mmoja una uzito gani hata tuuandikie makala? Uzito wake u katika suala la mitumba. Mwaka wa 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni kufikia mwaka wa 2019. Kenya ilijitoa katika azimio hilo. Rwanda iliposhikilia kodi ya juu, Marekani ilisimamisha mwaka wa 2018 fursa yake ya kuuza mavazi huko bila ya ushuru. Tangu hapo tumekuwa tukibishana kama mitumba iingie au isiingie. Ni nadra kuuliza nguo hizo zikishachakaa zinakwenda wapi, na ni nani aliye na ujuzi wa kuzipa maisha ya pili.

Sidai kwamba mikoba ya watoto itafufua viwanda vya nguo au kumaliza taka za Dandora. Huo utakuwa uongo. Ninachosema ni kwamba taifa lisilojua kushona haliwezi kuchagua; litavaa na kutupa kila linaloletewa.

Lugha yetu inatukumbusha tulichosahau. Tunayo mfarishi, lile tandiko zito la tabaka za kitambaa zilizoshonwa pamoja. Tunayo takia, tunayo foronya, tuliyoikopa kwa Wareno. Majina haya ni ushahidi kwamba nyumba za pwani zilivijua vitu hivi zamani. Na sikio la Mswahili huyasikia maneno fundi, kufunda, kufundisha na mwanafunzi kama watu wa ukoo mmoja. Ajabu ni kwamba shule zetu zimemtenga fundi na kufundisha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Nini kifanyike? Kwanza, kazi za mikono zifanyiwe darasani na kukamilishwa humo. Kazi isiyoonekana ikitendwa isipewe alama. Pili, shule imwalike fundi wa mtaa angalau mara chache kwa muhula, na imlipe kwa heshima. Tatu, kazi ipande ngazi: mkoba kwanza, kisha mto unaojazwa vipande vilivyobaki, hatimaye mfarishi wa darasa zima. Humo mna hesabu na sayansi pia. Kitambaa cha fulana huvutika. Miraba yake isipogandishwa kwa pasi juu ya kitambaa kigumu, mfarishi hupinda. Mtoto ataelewa vipimo pale miraba yake itakapokataa kulingana.

Jumamosi iliyofuata nilimrudisha binti yangu kwa fundi yule, safari hii akiwa na sindano na fulana yangu nyingine. Alishona mchana kutwa. Tulipoutia viazi, mkoba wake ulifumuka chini. Fundi alicheka, akamwambia, "Fumua, mwanangu, uanze tena." Alifumua, akaanza tena.

Mkoba huo wa pili umekwenda upande kidogo, na hakuna aliyeupa alama. Ndio tunaokwenda nao sokoni. Ule wa kwanza, uliozidisha matarajio, ungali umetundikwa ukutani shuleni pamoja na wenzake saba. Wote wamenyooka sawasawa, maana wametoka katika mkono mmoja. Mwalimu mwenzangu, ukiuona ukuta kama huo shuleni kwako, umtafute mwenye mkono huo, umkaribishe darasani.