Kituo ni mahali pa kutua

Wanaozisifu motokaa za umeme hutusimulia wepesi wa mwendo wake na unafuu wa gharama zake. Ni nadra kuwasikia wakijibu swali la msafiri aendaye Lamu: betri ikikaribia kwisha, ataijazia wapi?

Swali hili si la mzaha. Kutoka Malindi hadi gati la Mokowe, ambako abiria huiacha barabara na kupanda mashua, ni zaidi ya kilomita 200. Nissan Leaf ya mwanzo, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117 hivi. Haifiki Mokowe bila ya kujazwa njiani, na kwa soketi ya kawaida ya nyumbani kazi hiyo huchukua saa 8 au zaidi. Magari mapya huenda mbali zaidi, lakini mwalimu wa mshahara wa kawaida hununua mtumba. Isitoshe, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, msafiri mwenye busara hataki giza limkute katika njia hiyo.

Sisi wachunguzi wa lugha tunaona fundisho katika neno "kituo". Limetokana na kitenzi "tua": ndege hutua, jua hutua, mchukuzi hutua mzigo. Maadamu betri haijai kwa dakika 5 kama tangi la petroli, soketi ukutani haitoshi kuitwa kituo. Anayengoja huhitaji kivuli, maji, choo, taa na mlinzi.

Rai yangu ni kwamba vituo vya namna hiyo vijengwe Garsen, Witu na Mokowe kabla ya wananchi kuhimizwa kununua magari haya. Kile cha Mokowe kihudumie mashua pia, kwani watu wa Amu, Pate na Kiwayu husafiri zaidi kwa bahari. Katika Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, wavuvi tayari wanatumia injini za umeme.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi hesabu hii darasani: masafa, betri, saa za kungoja. Mabaharia wetu wa kale hawakung'oa nanga kabla ya kujua bandari ya mbele yenye maji matamu. Nasi tusikubali kuuziwa chombo kabla ya kuonyeshwa kituo.